Virungu Viwili Kutwa Mara Tatu

Mambo haya hayakutokea kwetu. Kwetu, ashukuriwe Mungu, hayawezi kutokea, na msomaji atakayedhani ameyaona mahali atulie kidogo, anywe maji, aangalie nyuma yake kama kuna mtu, kisha aendelee kusoma. Yalitokea katika nchi iliyo mbali sana, ambayo Rais wake aliitwa Baba Mlezi, na watu wake waliitwa wananchi pale tu walipotakiwa kupiga kura.

Siku moja Baba Mlezi alikwenda ng'ambo mkutanoni. Akiwa amekaa mstari wa mbele na usingizi wake mzuri, mtaalamu mmoja mwenye miwani akaonyesha ukutani kwamba katika nchi ile watu wa mkoa wa Mlimani wanaishi miaka sabini na moja, na watu wa mkoa wa Bondeni wanaishi arobaini na mitatu. Marais wenzake wakacheka. Hata yule ambaye kwake watu walikuwa hawahesabiwi kabisa alicheka.

Aliporudi hakwenda hata kwake. Pale pale uwanja wa ndege alimwita Waziri wa Afya, Mheshimiwa Lwitiko Ndembeka, akamzaba kofi mbele ya bendi ya jeshi, akamwambia anataka usawa wa afya ndani ya siku mia moja. Bendi, kwa kuwa haikuambiwa vinginevyo, ikapiga wimbo wa taifa. Waziri akasimama wima na shavu lake, na wote waliokuwepo wakasimama naye.

Kesho yake Mheshimiwa Ndembeka alitangaza kwamba amelipata chimbuko la tatizo. Madaktari wa nchi ile, alisema, wanajua dawa lakini hawajui uongozi. Kwa hiyo kinafunguliwa Chuo cha Uongozi wa Madaktari na Usawa wa Afya, na kila wilaya italeta daktari mmoja. Chuo kiliwekwa katika kambi ya Kikosi cha Kutuliza Ghasia, maana huko walimu walikuwepo tayari na vifaa vya kufundishia vilikuwa vimejaa stoo.

*

Sasa, wilaya nyingine kutoa daktari mmoja haikuwa taabu. Mlimani walikuwa nao mpaka wanagombania maegesho. Huko Bondeni, mkoa mzima ulikuwa na wilaya moja na daktari mmoja, naye ni Nyamizi Kaguba, mwanamke mfupi, mwepesi wa mkono, mkali wa ulimi, ambaye kwa miaka saba alikuwa akipasua watu kwa mwanga wa tochi aliyoshikiwa na muuguzi wake, Bibi Teodosia.

Katika miaka hiyo saba Daktari Nyamizi aliiandikia Wizara barua sitini na moja akiomba taa ya chumba cha upasuaji. Hakujibiwa hata moja. Hakuambiwa hapana, hakuambiwa subiri, hakuambiwa umekosea anwani. Ikafika mahali akawa anawatania wauguzi wake: ukitaka kitu kipotee duniani kisionekane tena, kipeleke Wizarani kimeandikwa vizuri. Mnisikilize hapo, maana hilo ndilo somo pekee ambalo Serikali ilimfundisha akalielewa, na ndilo lililommaliza.

Askari waliotumwa kumpeleka Chuoni walimkuta akimpima Kashinde, mchuuzi wa dagaa, mwenye mimba ya miezi saba. Kashinde alikuwa na kovu la upasuaji wa kwanza, uliompa mtoto mfu na kumwachia kizazi chembamba kama karatasi. Huyu hakutakiwa kusikia uchungu hata kidogo. Alitakiwa apasuliwe kabla ya kuanza, vinginevyo kizazi kingepasuka na angekufa yeye na mtoto. Daktari alikwisha kuihesabu siku: wiki tisa kuanzia pale. Mafunzo yalikuwa ya wiki sita. Akapiga hesabu kwa vidole mbele ya askari, akaona inatosha.

"Usithubutu kusikia uchungu kabla sijarudi," alimwambia Kashinde.

"Nitaubana, Daktari," alijibu Kashinde, akacheka. Askari wakamtoa daktari nje na glovu zake mikononi.

*

Mkuu wa Chuo alikuwa Meja Kilongola, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyependa kuitwa Mwalimu. Somo la kwanza liliitwa Kumwelewa Mgonjwa. Madaktari thelathini na wanne walilazwa kifudifudi kwenye zege, wakapigwa virungu mpaka wakaelewa. Daktari mmoja wa magonjwa ya akili alisema yeye amekwisha kuelewa kwa njia ya kusoma. Huyo aliongezewa.

Somo la pili liliitwa Uongozi Shirikishi. Hapo walipewa virungu wao wenyewe wakaambiwa wapigane wawili wawili kwa zamu, katibu akiandika muhtasari. Ajabu ya madaktari ni kwamba mazoea ya kazi hayawatoki. Kila mmoja kabla hajampiga mwenzake alimuuliza kama ana mzio wowote, amekula saa ngapi, na kama kuna mtu kwao mwenye historia ya kutokwa na damu bila kukata. Meja Kilongola alifurahi mpaka akapiga makofi. Alisema miaka ishirini amefundisha watu kupiga, na hajawahi kuona ustaarabu wa namna ile.

Lakini somo lenyewe hasa lilikuwa la tatu, la Usawa. Meja aliwapanga mstari, akawafungua vinywa kama anayenunua punda. Daktari Gervas Mtandika, bingwa wa upasuaji kutoka Mlimani, mrefu, msafi, mpole, alikuwa na meno thelathini na mawili. Daktari Nyamizi alikuwa nayo thelathini. Meja akauliza darasa: usawa unaletwaje hapa? Kijana mmoja kutoka wilaya ya pwani akasema Daktari Nyamizi atafutiwe meno mawili ya bandia. Alipigwa kirungu cha mdomo, akawa yeye ndiye mwenye meno machache kuliko wote, na ikabidi hesabu ianze upya.

Mtandika aling'olewa meno matano kwa koleo, bila ganzi, kwa kuwa Bondeni hakukuwa na ganzi. Nyamizi akang'olewa matatu. Meja akaandika ubaoni kwa chaki, kwa mwandiko mzuri, kwamba usawa hauongezi, usawa hupunguza, na darasa likanakili huku likitema damu kwenye vitambaa.

Jioni ile Mtandika alimsogelea Nyamizi, shavu limemvimba, akamwambia kwa shida, "Dada yangu, angalau umenipunguzia kazi ya mswaki." Wakacheka, na kucheka kukawauma. Tangu hapo wakawa marafiki. Mtandika alimsimulia habari za hospitali yake, taa yake ya upasuaji yenye balbu sita, friji yake ya damu, na Nyamizi alisikiliza kama mtu mwenye njaa anayesimuliwa pilau. Naye akamsimulia habari za Kashinde. Kila asubuhi Mtandika akawa anamuuliza zimebaki wiki ngapi.

*

Mwisho wa wiki ya sita ulikuwa mtihani, mbele ya Waziri mwenyewe. Swali lilikuwa moja. Mlimani wanaishi sabini na moja, Bondeni arobaini na mitatu: lete usawa kwa mwezi mmoja, bila gharama.

Daktari Nyamizi alijibu kwa ukweli, maana uchovu huleta ukweli. Alisema Bondeni ipewe chumba cha upasuaji chenye taa, wauguzi wanne, damu na dawa za kuzuia damu, na gari moja linalowaka. Alitaja idadi ya wanawake waliomfia mikononi, akawataja kwa majina. Waziri alisikiliza kwa makini, akauliza hiyo taa inapatikana wapi bure. Kisha akamtazama Meja, na Meja akamvunja Nyamizi mbavu mbili. Akapewa wiki mbili arudie, na akaambiwa akishindwa tena atabaki Chuoni mwaka mzima.

Zikabaki wiki tatu, kisha mbili, kisha moja. Usiku hakulala kwa mbavu, mchana hakutulia kwa Kashinde. Asubuhi ya mtihani wa pili aliomba karatasi, akaandika kwa dakika kumi, bila kufuta neno.

Aliandika kwamba watu wa Mlimani wanaugua ugonjwa uitwao upungufu wa vifo. Tiba yake ni virungu viwili kutwa mara tatu, saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku, baada ya chakula, kwa siku thelathini bila kuruka. Na kifaa chochote kilichopo Mlimani ambacho Bondeni hakipo, kivunjwe. Chini akatia sahihi, jina na cheo, kama alivyozoea katika barua zake zote.

Msije mkadhani hakujua alichokiandika. Alijua. Ila aliijua pia Wizara. Barua ya kuomba balbu ilikuwa imeshindwa kusafiri kutoka meza moja hadi nyingine kwa miaka saba. Sera ya mkoa mzima itapita wapi? Itapigwa mhuri, itatiwa kwenye jalada, jalada litapelekwa masijala, na masijala ni kaburi lisilo na ufufuo. Yeye atakuwa Bondeni siku hiyo hiyo anapasua. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na mimi sina la kumlaumu, maana hata wewe ungejiambia hivyo.

Waziri alisoma karatasi ile mara mbili. Ya pili alisoma amesimama. "Ndugu wananchi," alisema, ingawa ndani ya chumba walikuwemo watu saba tu, "kwa muda mrefu Serikali yenu imekuwa ikijaribu kumwinua wa chini, na kuinua kunaumiza mgongo. Leo daktari huyu ametuonyesha kwamba ukimshusha wa juu, mgongo haukuumi."

Meja Kilongola alilia machozi. Nyamizi akapewa nishani, akapewa cheti, akapewa cheo cha Kamishna wa Usawa wa Afya. Alipoomba ruhusa arudi Bondeni kwa mgonjwa wake, Waziri alicheka kwa upendo. Akamweleza kwamba hiyo ndiyo maana ya uongozi, kuachana na wagonjwa. Wakamweka ghorofa ya tisa mjini, katika ofisi yenye kiyoyozi, na askari wawili mlangoni wa kumlinda asitoke.

*

Sera ile ilianza kutekelezwa siku ya nne.

Naam, siku ya nne. Wazee wa Wizara wenyewe walishangaa. Lakini ukifikiri vizuri utaona haikuhitaji kitu. Haikuhitaji balbu, haikuhitaji dawa, haikuhitaji gari jipya. Ilihitaji virungu, na virungu vilikuwepo tangu uchaguzi.

Madaktari wahitimu waliongoza vikosi Mlimani, kila mmoja na kata yake, na nyuma ya kila mmoja askari aliyeambiwa amkumbushe kwa kitako cha bunduki akisita. Na kwa kuwa walikuwa madaktari, walipiga kidaktari. Waliwapanga watu foleni, wakawapima presha, wakawasainisha fomu za ridhaa. Mzee mmoja alisema ana moyo mkubwa, akapewa nusu dozi. Mwenye mimba alipigwa miguuni tu. Waliokosa dozi ya asubuhi walifidiwa mchana. Siku ya kwanza walikufa watu kumi na moja, na taarifa ikaandika kwamba wagonjwa wameonyesha mwitikio mzuri.

Hospitali ya Mlimani ilishughulikiwa na Meja mwenyewe. Taa ya balbu sita ilipigwa nyundo. Mitungi ya oksijeni ilifunguliwa ikaachwa ilie mpaka ikanyamaza. Chupa ishirini na sita za damu zilimwagwa bustanini mbele ya mashahidi, mbwa wakaja. Daktari Mtandika, aliyekwisha kurudi kazini kwake baada ya mafunzo, alisimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji akasema hatoki. Meja akamweleza kwa upole kwamba Bondeni hakuna bingwa, kwa hiyo naye ni kifaa. Wakamlazimisha kuweka mikono yake miwili juu ya ngazi, wakaivunja kwa nyundo ile ile, kidole baada ya kidole.

Yote haya Nyamizi aliyasoma kesho yake ofisini, katika taarifa iliyopigwa chapa vizuri, yenye kichwa: Utekelezaji, asilimia mia. Juu kabisa waliweka jina lake. Alitapika kwenye pipa la karatasi. Alikuwa bado ameinama simu ilipolia.

Aliyepiga alikuwa Bibi Teodosia, sauti ikikatika kwa upepo. Alisema Daktari asihangaike tena na safari, wameona siku zinawaishia, basi wamempakia Kashinde kwenye lori la chumvi na wamekwisha kufika nusu ya njia. "Tunampandisha Mlimani, mwanangu," alisema. "Kule kuna taa."

*

Jinsi alivyotoka hakuna aliyewahi kuieleza vizuri. Askari mmoja alikutwa na kidonda cha mkasi pajani, kimekwisha kufungwa bandeji. Gari la Kamishna lilionekana likipita vizuizi vyote, na kila kizuizi kilimpigia saluti.

Alifika Mlimani kesho yake saa sita mchana. Kashinde alikuwa amelazwa chini koridoni, kwa maana vitanda navyo vilikuwa vimevunjwa, na uchungu ulikuwa umeanza tangu alfajiri. Bibi Teodosia alikuwa amempakata kichwa. Mtandika alikuwa ameketi ukutani karibu nao, mikono yake imefungwa kwenye vipande vya mbao. Hakumwambia Nyamizi neno la kumlaumu. Alimwambia tu kwamba mapigo ya mtoto bado yapo, na kwamba dirisha la mashariki ndilo lenye mwanga.

"Umekuja, Daktari," alisema Kashinde. "Nilimwambia Bibi utakuja. Nimejitahidi kuubana, umenishinda."

Nyamizi alimpasua kwa wembe mpya wa dukani, juu ya mlango uliong'olewa na kuwekwa dirishani, bila nusukaputi, Bibi Teodosia akimkandamiza mabega na mchuuzi wa dagaa yule akipiga ukelele uliosikika mpaka sokoni. Mtandika alimwelekeza kwa mdomo, kata hapa, vuta pale, bana mshipa huo kwa vidole. Mtoto alitoka hai, wa kike, akalia. Kizazi kilikuwa kimekwisha kupasuka ubavuni, na damu ilitoka pale kama maji ya bomba. Nyamizi aliingiza mikono mpaka kwenye viwiko akapakandamiza. Akaita damu, kwa mazoea ya watu wa fani yake, na wote walikuwa wanajua ilikomwagwa.

Kashinde alikata roho saa saba na robo.

Meja Kilongola aliingia na daftari. Alikuwa amefurahi kumwona Kamishna kazini. Akauliza kwa adabu huyu marehemu aandikwe wapi, kisha akajijibu mwenyewe: kifo kimetokea Mlimani, basi ni cha Mlimani, Bondeni kimewapungua kimoja. Hivyo ndivyo mikoa inavyosogeleana, alisema, na akamwomba Nyamizi atie sahihi hapa chini.

Nyamizi alikichomoa kirungu kiunoni mwa Meja, akampiga nacho usoni. Meja akaanguka. Akampiga tena, na tena, taya likavunjika, na askari waliokuwa mlangoni wakatazamana, kwa kuwa aliyekuwa anapiga ni Kamishna na mwongozo haukusema kama Kamishna anahitaji ridhaa. Wakaona wahesabu. Walipofika kumi na nne, mmoja akakohoa akasema kwa heshima, "Daktari, dozi imezidi." Naye akaacha, si kwa kumsikiliza, mkono ulikuwa umechoka. Meja alikuwa bado anapumua.

Bibi Teodosia alikuwa amemfunga mtoto kwenye kanga yake, anajifunga nyingine kiunoni tayari kwa safari. Lori la chumvi lilikuwa linarudi. Nyamizi alinyoosha mikono amshike mtoto. Bibi akarudi nyuma hatua moja.

"Wiki tisa nimekungoja," alimwambia. "Kila siku nasema leo atakuja. Tumefika hapa tumekuta karatasi ya virungu imebandikwa mlangoni, nikaambiwa niisome mwenyewe. Mimi sahihi yako naijua, mwanangu." Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliuliza kama Daktari ana la kumwambia mume wa Kashinde, akaikaza kanga, akaondoka na mtoto.

Nyamizi alimfuata mpaka mlango wa nje, kirungu bado kimo mkononi, hakukumbuka kukiacha. Uwanjani watu wa Mlimani walikuwa wamekwisha kujipanga, maana ilikuwa inakaribia saa nane. Walipomwona na damu nguoni wakasogea wakanyoosha foleni. Mwanamke mmoja mzee wa mbele kabisa akamwamkia, akasema amekwisha kula na presha amepimwa. Akaweka kikapu chake chini, akageuka, akainama, akampa mgongo.